Vikapu Visivyo na Pipi

Katika kijiji cha Azimio, kando ya barabara iendayo Laela, Pasaka ilikuwa na siku mbili. Jumapili ilikuwa ya Bwana, Jumatatu ilikuwa ya watoto. Jumatatu ya mwaka wa kwanza watoto wa mafundisho ya komunyo walipangwa mstari nje ya kanisa la kigango, kila mmoja na kikapu chake kilichofunikwa kitambaa. Katekista Eustace alipiga makofi mara tatu, nao wakafunua wote kwa pamoja. Ndani mlikuwa na pipi. Pipi tupu, nyekundu na kijani, na kelele za watoto zilisikika mpaka kisimani.

Desturi hiyo ilianzishwa na Mama Modesti, mwenyekiti wa akina mama wa kigango. Usichanani mwake alifanya kazi ya jikoni kwa masista mjini Sumbawanga, akayaona mambo ya vikapu huko. Watu walipohamishiwa Azimio kutoka vitongoji vyao, kila mmoja akiwa na nyumba aliyoiacha nyuma, Mama Modesti alisema, "Sisi wakubwa tutavumilia. Watoto wapate kitu kitamu, walau siku moja kwa mwaka." Hakuna aliyempinga. Nani angempinga?

Vikapu vilisukwa na Adela. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwepesi wa mikono, mzito wa ulimi. Ukimsalimia alikuitikia huku akitazama vidole vyake vya miguu. Wakimcheka alicheka nao, wakimtuma alikwenda. Ndiyo maana akina mama walimwamini na debe la maharage.

Maana pipi za Pasaka zilinunuliwa kwa maharage. Kila mama mwenye mtoto kwenye mafundisho alitoa bakuli moja la mbegu, yakikusanywa yote yakajaza debe, na Jumamosi Kuu Adela alilipeleka debe duka la kijiji akarudi na mfuko wa pipi. Ilikuwa hivyo mwaka wa kwanza. Mwaka huu wa pili nao ulikuwa uwe hivyohivyo, vikapu kumi na kimoja vilikuwa vimeshaning'inizwa ukutani vikisubiri.

Lakini Jumatano ya juma lile Kristiana alirudi nyumbani kabla ya saa nne.

Kristiana alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Adela. Alikuwa na miaka minane, darasa la pili, na Adela ndiye aliyemlea na kumsimamia ubatizo. Alikuja mikono mitupu, akakaa kizingitini akijichokonoa gaga la mguu.

"Mbona saa hizi?"

"Tumefukuzwa."

"Nani na nani?"

"Sote. Mimi, Bertilla, Adolfu, sote wa mafundisho. Hatuna daftari. Tunaandika chini kwa kidole, mwalimu amesema amechoka kusahihisha vumbi."

"Mrudi lini?"

"Jumanne baada ya Pasaka. Asiye na daftari na penseli jina lake analikata." Kristiana aliinua kichwa. "Lakini bibi yake Bertilla anasema si kitu, mama mdogo. Anasema Jumatatu tunapata pipi."

Adela alisimama na jani la kusukia mkononi, asijue aliweke wapi.

Yeye mwenyewe alifukuzwa darasa la nne, kwa kukosa kalamu. Si zaidi ya kalamu. Mwalimu alimwambia arudi akiwa nayo, na ule ulikuwa mwezi waliomzika mama yake, naye aliona haya kumwomba baba yake, Gaudensi, kalamu mbele ya matanga. Akangoja kesho. Kesho akaona haya tena. Juma likaisha, mvua zikaisha, wenzake wakaingia darasa la tano. Hakuna aliyemkataza Adela kusoma. Hakuna aliyemwita pia.

Usiseme wazazi wengine hawakujali. Walikwenda dukani wakaambiwa daftari hakuna, wakarudi. Shule haikimbii, walisema, hivi sasa ni wakati wa maharage. Na kweli ulikuwa wakati wa maharage. Pote Ufipa watu walikuwa mashambani wakifunika nyasi kwa udongo na kuinua ntumba, yale matuta ya mviringo kama vichuguu, na juu yake wakipanda maharage kabla mvua hazijakata. Adela alizitazama mbegu zilizojaa debe pale pembeni mwa nyumba. Alizitazama siku mbili nzima. Siku ya tatu, Jumamosi, alijitwika akaenda.

*

Duka la kijiji lilikuwa na mlango mmoja, na siku hiyo ilikuwa siku ya sukari. Foleni ilitoka mlangoni ikazunguka mpaka nyuma ya ghala. Mwuzaji, Bwana Ambilikile, alikuwa mtu wa Tukuyu, mcheshi, mwenye tumbo dogo la kiheshima. Alipomwona Adela alimpungia mkono apite mbele, kwa kuwa shughuli ya Pasaka ilijulikana.

"Karibu, fundi wa vikapu! Mzigo wenu huu hapa."

Alitua mfuko juu ya meza. Mwaka ule gari la bidhaa lilikuwa halitoi sukari mpaka uchukue na pipi, na pipi hizo zilikaa dukani tangu Krismasi. Zilikuwa zimeingia unyevu, zimeshikana na makaratasi yake, zimekuwa jiwe moja lenye rangi nyingi.

"Shikamoo," alisema Adela.

"Marahaba. Weka debe hapa."

Adela hakuliweka. Alilitua sakafuni, kati ya miguu yake.

"Nataka daftari."

"Sema kwa sauti, binti. Naona midomo tu."

"Daftari. Kumi na moja. Na penseli."

"Ah, daftari hakuna. Hilo nimeshawaambia wazazi wote, nimechoka. Chukua pipi, kawafurahishe watoto."

"Zipo," alisema Adela. Masikio yalimwaka moto. "Ziko nyuma ya magunia ya chumvi. Nilipoleta nyungo Jumatatu niliziona."

Watu wa foleni wakainua vichwa. Bwana Ambilikile alicheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo.

"Hizo zina wenyewe. Za watumishi wa serikali wa Laela, wameziagiza. Haya, sogea, watu wanangoja sukari."

Hapo Adela alitakiwa aseme neno, na neno hakuwa nalo. Kwa hiyo alifanya kile alichokiweza. Alilisogeza debe mpaka mlangoni, katikati kabisa, akakaa juu yake.

"Binti, unafanya nini?"

Adela alijiweka sawa juu ya debe.

"Nakuuliza wewe. Unaziba mlango!"

Adela alivitazama vidole vyake vya miguu kama kawaida yake, ila hakuinuka.

"Haya, kaa!" alisema Bwana Ambilikile akigeukia watu ili wacheke naye. "Kaa hapo, labda utafufuka kesho pamoja na Bwana!"

Wawili watatu walicheka. Mama mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Adela, toka basi, tuna ugali jikoni!" Mwingine akasema wasichana wa siku hizi wana mashetani ya kimya. Adela aliyasikia yote. Kila neno lilimchoma, na kila lilipomchoma alijibana zaidi juu ya debe.

Ndipo mzee mmoja aliyekuwa wa tatu kwenye foleni akakohoa. "Ngoja kwanza. Bwana Ambilikile, kumbe daftari zipo? Mimi juzi uliniambia nini?"

"Mzee, nimekwambia zina wenyewe."

"Hukuniambia zina wenyewe. Uliniambia hakuna."

"Na mimi uliniambia hakuna," akasema mwingine.

"Mimi uliniambia mpaka mwezi wa sita!"

Sasa foleni haikuwa foleni tena. Watu walisogea mbele wakamzunguka msichana aliyekaa, na hakuna aliyemwambia atoke. Kutoka chumba cha nyuma akaja Tusekile, mkewe Bwana Ambilikile, ana mtoto mgongoni. Alitazama mlango, akatazama nyuso, akamgeukia mumewe.

"Baba Suma, mpe."

"Wewe mwanamke, hujui..."

"Najua. Watumishi wa Laela wana gari, watakwenda kutafuta Sumbawanga. Hawa wana miguu tu, na miguu yenyewe imejaa mlangoni kwangu. Mpe, nataka kulala na amani."

Zilitoka daftari kumi na moja. Penseli zilikuwa sita tu, na hilo halikuwa uongo, boksi lilionyeshwa. Adela akaongeza kipande cha mche wa sabuni, Bwana Ambilikile akapima maharage, yakaenda nusu debe. Nusu iliyobaki Adela alijitwika kichwani.

"Na pipi?" aliuliza Bwana Ambilikile. "Hata robo hutaki? Nakuongezea bure!"

"Sitaki."

Alitoka. Alipofika mbali, kwenye mashamba, alitua debe akaketi kando ya njia.

*

Mchana ule alifunga mlango wakafanya kazi, yeye na Kristiana. Penseli alizikata kila moja katikati kwa kisu, akachonga ncha, zikawa vipande kumi na viwili. Sabuni aliikata kwa uzi, kila mtoto kipande cha kutosha kufulia sare mara tatu. Maharage aliyagawa viganja viganja, akayafunga kwenye maganda ya mahindi kama vifurushi, mbegu ya kila mtoto kupanda kwenye ntumba yake mwenyewe. Kisha akachukua ile nusu penseli ya kumi na mbili, akafungua daftari la kwanza.

Hakuwa ameandika kwa miaka tisa. Mkono ulikuwa mgumu kama wa mtu aliyevunjika ukaungwa vibaya. Juu ya jalada aliandika *Adolfu*, polepole, herufi moja moja, akikandamiza mpaka alama ikatokea upande wa pili. Halafu *Bertilla*. Halafu *Kristiana*. Alijua anachofanya. Daftari lenye jina duka halilipokei tena, wala mtumishi wa Laela halitaki.

"Mama mdogo," alisema Kristiana, "na pipi tunaweka saa ngapi?"

"Hakuna pipi."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Machozi yakamtoka Kristiana, si kwa kelele, yalitoka tu yakashuka. Adela hakumbembeleza kwa maneno. Alimpa uzi ashike upande wa pili, wakakata sabuni iliyobaki.

*

Habari haikungoja. Jumapili, baada ya ibada, Mama Modesti alikuja mpaka uani kwa Adela, bado na kitambaa chake cheupe cha kanisani. Hakupiga hodi.

"Shikamoo, Mama."

"Nilikutuma nini?"

"Pipi."

"Umeleta nini?"

Adela alitazama chini.

"Nakuuliza, binti Gaudensi! Maharage ya watu umeyafanya nini?"

"Nimechukua daftari. Na sabuni. Na nusu nimeirudisha, ni mbegu yao watoto."

"Sabuni!" Mama Modesti aliketi juu ya kinu kilicholala, kama mtu aliyesukumwa. Aliposema tena sauti yake haikuwa ya hasira tu. "Unawajua watoto hawa? Walisimama barabarani wakaangalia nyumba zao zikiezuliwa. Nilimwona mjukuu wangu Bertilla anauliza paka wake atalala wapi. Nikasema nitawapa kitu kitamu. Kimoja kwa mwaka, Adela. Kimoja! Wewe unakuja kuwapa sabuni, kama vijakazi."

Adela hakuwa amelifikiria hilo la paka. Lilimwingia.

"Jumanne majina yanakatwa, Mama."

"Mwalimu anatisha tu."

"Na wa kwangu alinitisha tu."

Mama Modesti alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza. Kisha akainuka, akakung'uta nguo.

"Kesho asubuhi urudishe vitu dukani, uje na pipi. Asiyesikia la mkuu unajua mwisho wake."

"Sirudishi."

"Unasema?"

"Nimesema sirudishi, Mama."

Mama Modesti aliondoka bila kuaga, na jioni ile kijiji kizima kilijua kwamba binti Gaudensi, yule bubu, amemjibu mwenyekiti.

*

Jumatatu watu walikuja wengi kuliko mwaka jana, wengine hata mtoto hawana. Watoto walipangwa. Katekista Eustace alimtazama Mama Modesti, akamtazama Adela, akajifuta jasho, akapiga makofi matatu yasiyo na nguvu. Vitambaa vikafunuliwa.

Watoto wakainamia vikapu.

"Sabuni!" alisema mtoto mmoja.

"Maharage!" akalia mwingine, na hapo kilio kikapokelewa na wa tatu na wa nne. Watu wa pembeni wakaangua kicheko. "Haya, pikeni basi!" mmoja aliwatania. "Pasaka ya kufua!" akasema mwingine. Adolfu alionja kipande cha sabuni kwa ulimi, labda akidhani ni pipi ya namna mpya, akatema, kicheko kikaongezeka.

Mama Modesti akapita mbele. "Ndugu zangu, mmeona wenyewe. Maharage tulitoa kwa ajili ya pipi. Leteni vikapu hapa, nitavirudisha dukani mimi mwenyewe, watoto wapate haki yao."

Akina mama walianza kusogea. Mmoja alikwisha shika kikapu cha mwanawe.

"Zina majina," alisema Adela.

Hakuna aliyesikia. Alikuwa kando ya ukuta, amejikunyata. Alivuta pumzi.

"Daftari zina majina! Duka halizipokei!"

Ilikuwa sauti ya kupasuka, mbaya, kama mlango wa zamani. Watu wote waligeuka. Adela alitamani ardhi immeze, lakini aliendelea kusimama.

Mama yake Adolfu alitoa daftari kikapuni. Alikuwa mmoja wa wale wanaokwenda kisomo cha watu wazima kila alasiri chini ya paa la ghala, wakiimba herufi kama watoto. Aliliweka mbali na macho, akalileta karibu, akaweka kidole.

"A," alisema. "Do. A-do... lfu. Adolfu." Akamtazama mwanawe. "Adolfu! Ni huyu wangu! Jamani, nimesoma, ni huyu!"

"Wewe nawe, acha uongo."

"Njoo uone! Si hii A?"

Wengine wakakimbilia vikapu vya watoto wao, sasa si kuvitoa, ni kutafuta. Waliojua waliwasomea wasiojua. Mmoja alishika daftari juu chini akasahihishwa na mwanawe. Vicheko vilibadilika, ingawa si kwa wote. Watoto watatu bado walililia pipi, na mama mmoja aliondoka akisema amedhulumiwa bakuli lake. Mama Modesti alimshika mjukuu wake Bertilla mkono, akabeba na kikapu chake, wakashuka njia ya bondeni.

*

Jumanne Adela alimsindikiza Kristiana shuleni. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya mistari na orodha, kalamu nyekundu sikioni, akianza na darasa la kwanza. Adela aliwahesabu wa kwake kwa macho. Adolfu yupo. Kristiana yupo. Kumi.

Bertilla hayupo.

Angeweza kurudi nyumbani. Mtoto wake alikuwa amekwisha ingia mstarini na daftari lake kwapani, na ndilo alilolitaka. Alifika mpaka njia panda. Kisha akageuka akateremka bondeni mbio.

Mama Modesti alikuwa akipepeta ulezi mlangoni, Bertilla amekaa karibu naye na sare amevaa.

"Hodi, Mama. Shikamoo."

"Umekuja kuomba radhi?"

"Hapana. Nimekuja kumchukua Bertilla."

Ungo uliendelea kupanda na kushuka. "Mtoto hakulala jana kwa kulia. Wewe ulilala?"

"Sikulala, Mama. Mwalimu yuko darasa la kwanza, anaelekea la pili. Daftari liko wapi?"

"Mwakani husuki vikapu vya kanisa hili."

"Sawa."

"Hata kimoja. Hata uje kwa magoti."

"Sawa, Mama. Liko wapi?"

Mama Modesti aliutua ungo. Bertilla alikuwa amesimama tayari, akimtazama bibi yake. Bibi alitazama pembeni, akaelekeza kwa midomo ndani, juu ya dari ya jikoni.

"Kalitoe mwenyewe. Mimi sitampa."

Adela aliingia akapapasa kwenye moshi mpaka akalipata, nusu penseli ikiwa ndani yake. Alimshika Bertilla mkono wakapanda kilima, mtoto akijikwaa, Adela akimvuta, majani ya barabarani yakiwalowesha mpaka magotini. Kutoka chini walisikia majina yakiitwa. Aliitwa Adolfu, akaitikia. Kisha mwalimu akaita Bertilla, akaita mara ya pili, akautoa mkono kwenye karatasi akaupeleka sikioni kuichukua kalamu.

"Yupo!" Adela alipiga kelele toka njiani, shule nzima ikageuka kumwangalia. "Mwalimu, usikate! Bertilla yupo!"